Bomba la Nne

Aliyemuua Mzee Burashi hakuridhika na kumuua mara moja. Spana ya mabomba, ile ndefu yenye meno, ilikuwa imetua kichwani mwake mara sita, na daktari wa maiti aliachia hesabu hapo kwa sababu hapakubaki mfupa mzima wa kuhesabia ya saba. Spana yenyewe ilikutwa chini ya meza, nywele za mvi zimeganda kwenye meno yake.

Hayo yalikuwa ya Jumamosi alasiri. Jumapili saa mbili asubuhi Inspekta alirudi kwenye karakana ya mtambo wa maji pamoja na Sajini, mzee mnene mwenye magoti mabovu na mdomo usio na breki. Maiti ilikuwa imeshaondolewa. Damu ilibaki, nyeusi sasa, imetambaa sakafuni hadi kwenye tundu la kutolea maji machafu na kukaukia hapo.

"Afande, mimi naona tunatwanga maji kwenye kinu," Sajini alisema. "Kabati limevunjwa, droo zimemwagwa, chupa zimepasuliwa. Wizi. Na mtu wetu yuko ndani. Tumerudi kutafuta nini?"

"Kilichoibwa."

"Hakikuibwa kitu."

"Basi hicho ndicho ninachokitafuta."

Sajini alikuna shingo.

Mtu huyo aliyekuwa mahabusu ni Ngamia, mwenye maboza kumi na moja yaliyouzia mji mzima maji. Jumamosi asubuhi, mbele ya mlinzi wa geti na foleni nzima ya ndoo, alimzaba Mzee Burashi kofi la kumwangusha chini, akaapa kwamba mtambo huo ukianza kazi atavunja mtu. Saa kumi jioni mzee akakutwa amevunjwa. Mji haukudai ushahidi zaidi. Jioni ile ile boza moja lilichomwa moto, dereva wake akaburutwa nje na kupondwa kwa mawe, na tangu hapo mamia ya watu walikuwa wamekaa nje ya kituo cha polisi. Walichosema kilikuwa kifupi. Mazishi saa tisa, na wakitoka makaburini wanakuja kumchukua Ngamia wamchome kama boza lake. Mkuu wa kituo alikuwa na askari kumi na wawili tu, na alimwambia Inspekta waziwazi kwamba hatamwaga damu ya watu kumlinda mtu ambaye hata yeye anaamini ameua.

Inspekta hakumpenda Ngamia. Alishanunua maji yake na kukuta viluwiluwi ndani. Lakini kuchomwa moto ni jambo jingine, na kuna kitu kilichokuwa kimemkosesha usingizi.

Kilikuwa beseni. Beseni la plastiki la buluu, kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto, limekaa kando ya meza ya mabati. Kila kitu ndani ya karakana ile kilikuwa kimepinduliwa isipokuwa hilo. Lilikuwa limefunikwa vizuri, na chini ya mshikio wa mfuniko palikuwa na alama ya damu ya dole gumba lililovaa glavu.

Aliinua mfuniko. Maji ya ndani yalikuwa na rangi ya waridi, hafifu, na ndani yake ilielea karatasi pana, laini, yenye mng'ao wa kijivu.

"Mwite Mama Pampu," alisema.

Mama Pampu ndiye aliyeikuta maiti. Alikuwa mwendesha pampu katika jengo la pili la mtambo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Inspekta alivaa glavu, akaichomoa ile karatasi majini, akaitandaza juu ya meza kavu.

"Unafanya nini!" Mama Pampu aliruka, akamsukuma bega afisa wa polisi bila hata kufikiri. "Unaiua! Irudishe majini!"

Inspekta aliirudisha. "Inakufaje?"

"Hiyo ndiyo ngozi, mwanangu. Sisi tunaiita ngozi. Ndiyo inayochuja maji. Ina vitundu vidogo hata kijidudu hakipenyi, maji tu yanapita. Ikilowa mara ya kwanza, haitakiwi kukauka tena maisha yake yote. Ikikauka vitundu vinajifunga, basi, imekufa, katupe. Mtu akiingia kazini hapa, siku ya kwanza hafundishwi jina la bosi. Anafundishwa hilo."

"Nani aliitia humu jana?"

"Mimi sikugusa kitu. Nilifungua mlango, nikamwona, nikapiga kelele mpaka sauti ikakata."

Inspekta alimtazama Sajini. Sajini aliinama juu ya beseni. "Kwa hiyo mtu kapasua kichwa cha mwenzake," alisema polepole, "halafu kaokota hii sakafuni, damu imeirukia, kaitia majini, kafunika. Kisha ndiyo kavunja kabati."

"Na mwizi angeikanyaga."

"Ngamia vilevile angeikanyaga."

"Hilo tutamuuliza. Mama, mna vipande vya ngozi za zamani?"

"Vimejaa ndoo nzima kule. Vya nini?"

"Vya kuulizia maswali."

Kabla ya kuondoka, Inspekta alitoa mfukoni bahasha ya vitu vilivyokutwa kwenye nguo za marehemu. Kitambaa, vidonge vya goti, na burashi ndogo, laini, ya kuchania nywele za mtoto mchanga. Ilikuwa bado na unyevu.

Mama Pampu aliishika kwa mikono miwili. "Hii ndiyo iliyompa jina. Miaka ishirini na mbili alikuwa anaosha ngozi kwa burashi hizi, nyingine zinakwaruza. Za zamani zilikuwa zinaota utelezi, kama ule wa ndani ya mtungi ulioachwa. Wiki mbili tu zimeziba. Anazitoa, anazisugua kwa dawa, anazirudisha. Lakini hii imefika mfukoni kufanya nini? Miezi mitatu hii hakuosha. Ilikatazwa."

"Nani alikataza?"

"Mpwa wake, Mkemia. Ndiye aliyeitengeneza hii mpya. Kaipaka chembe ndogo, ndogo mno, anasema maelfu yake yanaenea kwenye unene wa unywele. Eti zinapenda maji hadi yanazing'ang'ania, uchafu ukija hauna pa kushika. Haihitaji kuoshwa. Kamati ya maji ikasema haya, tuone, siku tisini bila kuguswa. Mabomba yenye ngozi za zamani yakafungwa, mji ukaachiwa Ngamia. Kesho Jumatatu ndiyo siku ya tisini. Kamati inakuja kufungua."

"Marehemu alikuwa anafanya nini siku hizo tisini?"

"Anasoma geji ya presha, ile inayopanda ngozi ikiziba, na kulinda mihuri ya mabomba. Alikuwa kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga. Yule mzee hakuwa akingoja uchafu uonekane, mwanangu. Kwake uchafu ukishaonekana ni aibu."

Inspekta alikumbuka vidole vya maiti. Ncha zake zote zilikuwa zimebabuka, nyekundu, ngozi mpya juu ya ngozi mpya, kama za mtu anayetia mikono kwenye dawa kali kila wiki. Aliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

*

Jiwe lilitua juu ya paa la kituo wakati anaingia chumba cha mahojiano. Ngamia hakushtuka. Alikuwa ameshapigwa na watu kabla polisi hawajamfikia, jicho moja limeziba kabisa, mdomo umepasuka, na shati la hariri limebaki kola na mikono.

"Nilimpiga kofi, nakubali," alisema. "Kofi si spana."

"Ulikuwa wapi saa nane, alipouawa?"

"Kisimani, kilomita arobaini. Muulize dereva wangu, tulikuwa wote."

"Dereva wako hana taya la kujibia."

Ngamia aliinamisha kichwa. Mabega yakamtikisika, na Inspekta akaona kwamba yule mtu mkubwa analia. "Ana watoto watano," Ngamia alisema. "Walimtoa kwenye boza langu wakampiga kwa ajili yangu."

Inspekta alitoa kipande cha ngozi kilichokuwa kwenye mfuko wenye maji, akampa. "Nishikie hiki kwanza."

Ngamia alikichukua, akakinusa, akakiweka mezani, akafutia vidole kwenye suruali. Inspekta aliendelea kuuliza. Aliuliza njia waliyopita, mafuta waliyojaza, waliokutana nao. Dakika kumi zilipita. Kile kipande kilikauka katikati yao, kikajikunja pembe, na Ngamia hakukitupia jicho hata mara moja. Mwishoni mdomo wake ulianza tena kuvuja damu. Alikiokota kipande, akajifutia nacho, akakitupa chini.

"Unajua umetupa nini?"

"Plastiki."

"Ulitaka kumuua yule mzee?"

"Nilitaka kumtisha." Alimkazia Inspekta lile jicho moja lililobaki. "Sikiliza, dada. Mimi nikiua mtu nakimbia. Sibaki kupanga vyombo. Nimesikia askari wako wanaongea habari za beseni."

Nje Sajini alikuwa ameegemea ukuta, akisikiliza watu wakiimba. Walikuwa wanaimba jina la Ngamia, wakilimalizia na neno *moto*.

"Kafeli au kafaulu?" aliuliza.

"Kafaulu."

"Basi tuna shida, afande. Ni saa tano na nusu."

*

Mkemia alikuwa ofisini kwake kwenye mtambo, peke yake, amekaa mbele ya glasi ya maji na lundo la karatasi ambazo hakuwa akizisoma. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mwembamba, shati limepigwa pasi. Baba yake alikufa akiwa mdogo, na mjomba, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa mshahara wa kuosha ngozi. Mji mzima ulijua hadithi hiyo na kuipenda.

"Poleni sana na msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa. Naomba yule mtu ashitakiwe haraka. Mama yangu hali, hanywi."

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mlango wa nyuma wa karakana una funguo ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya mjomba, ya Mama Pampu." Alitabasamu kwa shida. "Lakini Ngamia hahitaji ufunguo. Mlinzi wa geti analala kama gogo."

"Nishikie hiki," Inspekta alisema, akampa kipande cha pili, kikidondosha maji. "Nieleze jinsi inavyofanya kazi. Mimi sikusoma sayansi."

Mkemia alianza kueleza, na alipoanza kueleza alikuwa mtu mwingine. Alisema uchafu ni kama mgeni mchoyo, anahitaji tu pa kuegemea mgongo, akipata siku moja analeta ukoo wake wote. Alisema chembe zake zinaishika ngozi kwa namna ambayo maji yanatanda juu yake kama shuka lisilofunuka, na mgeni anabaki kuteleza. Alisema geji haikupanda siku themanini na nane. Na huku anasema, macho yake yakiwa usoni mwa Inspekta, mkono wake wa kushoto ulinyoosha, ukavuta glasi, ukakitumbukiza kile kipande ndani ya maji, ukakisukuma kwa kidole hadi kikazama chote.

Sajini, aliyesimama mlangoni, aliacha kupumua kwa kinywa.

"Unakitia majini kwa nini?" Inspekta aliuliza.

Mkemia alitazama glasi kana kwamba ameiona sasa hivi. "Mazoea."

"Hata kama ni takataka ya ndoo?"

"Nimesema mazoea."

"Mjomba wako alikuwa ameacha kuosha?"

"Siku ya kwanza ya jaribio. Ndiyo maana ya kazi yangu nzima, ngozi isiyooshwa."

"Mbona vidole vyake vimebabuka?"

Mkemia alianza kupanga upya karatasi zake. Nje pampu zilikuwa zikinguruma, na glasi ikitetemeka kidogo juu ya meza.

"Twende karakana," Inspekta alisema. "Na daftari la mihuri tulichukue."

*

Mabomba yalikuwa manne, ya urefu wa mtu, yamelazwa ukutani moja juu ya jingine. Kila moja lilibeba ngozi moja iliyoviringishwa, na yote manne yalisomwa kwa geji moja. La nne lilikuwa karibu na dari, halifikiki bila ngazi. Kila bomba lilifungwa kwa muhuri mwekundu wa plastiki wenye namba, na namba hizo ziliandikwa na kamati daftarini siku ya kwanza.

Inspekta alipiga magoti. "Bomba la kwanza. Daftari linasema sifuri nne moja saba. Huu unasema sifuri nne sita sita."

Mama Pampu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliziba mdomo.

"La pili limefunguliwa, muhuri wake uko hapa sakafuni. Daftari linasema nne moja nane. Huu ni nne sita saba. La tatu nalo muhuri si wake. Mihuri ya akiba alikuwa anatunza nani, Mama?"

"Yeye. Mzee Burashi."

"Sajini, panda."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Panda."

Sajini alipanda ngazi akiomba dua kwa sauti. Alifika juu, akavaa miwani. "Sifuri nne mbili sifuri."

"Daftari linasema nne mbili sifuri," Inspekta alisema. "Hili halikuguswa. Kwa nini hakulifikia hili?"

"Goti," Mama Pampu alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepotea. "Tangu aanguke mwaka juzi hapandi ngazi. Ee Mungu wangu. Alikuwa anaosha. Alikuwa anaosha kwa siri."

Inspekta aliinuka akamgeukia Mkemia. "Alikuwa anafungua matatu ya chini, anasugua kwa burashi ya mtoto, anafunga muhuri mpya. Kila wiki. Ndiyo maana geji haikupanda. Jana uliingia kwa mlango wa nyuma ukamkuta. Ngozi ya bomba la pili iko mezani, burashi yake imelowa, na zimebaki siku mbili kamati ije. Hapo ukajua kwamba jaribio lako ni uongo, na kwamba aliyeutunga ni mtu aliyekulea."

"Huna ushahidi."

"Unao wewe, uko pale juu. Tukifungua la nne tukakuta limeoza, nitajua kwa nini alikufa, na hata hakimu atajua. Sajini, kata muhuri."

"Usifungue!" Mkemia alipiga ukelele. "Kamati ni kesho! Hamna ruhusa!"

"Kata."

Mkemia hakumwendea Inspekta. Aliiendea ngazi. Aliupiga teke mguu wake wa chini, ngazi ikateleza, na Sajini akaporomoka na uzito wake wote juu ya kona ya meza ya mabati. Mfupa wa mkono wake ulilia kama kuni kavu. Inspekta alipogeuka, Mkemia alikuwa ameshachomoa spana nyingine ukutani, na hakuitikisa kumtisha mtu, aliizungusha kwa mikono miwili usawa wa kichwa. Inspekta aliinama. Spana ilimkosa kichwa, ikampata bega, na mkono wake wa kulia ukafa ganzi hadi kwenye kucha.

Pigo la pili lilivunja geji. Maji yenye presha yalifyatuka kama mjeledi, yakampiga Mkemia usoni, akayumba. Inspekta alimpiga teke la goti kwa pembeni. Alisikia kitu kikikatika. Mkemia alianguka, akajaribu kuinuka na spana yake, na Inspekta akazishika nywele zake kwa mkono wa kushoto akaubamiza uso wake kwenye ukingo wa beseni mara moja, kisha mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa ameiachia spana. Meno mawili yalidondoka majini. Aliiachia.

Pingu alimfunga kwa mkono mmoja, akitumia goti lake kumkandamiza mgongo. Mama Pampu alikimbia kufunga valvu. Zilibaki pumzi za watu wanne na matusi ya Sajini, ambayo hayaandikiki.

"Afande," Sajini alisema kutoka sakafuni, uso umempauka. "Nilisema mimi, nipande na magoti haya?"

"Ulisema. Pole, kaka." Alikuwa hajawahi kumwita kaka. "Mama, unaweza kupanda?"

Mama Pampu alifunga kanga yake kiunoni, akaisimamisha ngazi, akapanda. Alikata muhuri kwa kisu. Alifungua mfuniko, akaivuta ngozi polepole kama anavyotolewa mtoto mgongoni, akashuka nayo mikononi, inadondosha maji. Aliitandaza juu ya meza.

Siku themanini na tisa. Hakuna burashi iliyoigusa.

Katika kazi ile kuna njia moja tu ya kupima ngozi, na haitaki darubini. Unachukua kitambaa cheupe, unakifunga kwenye kidole, unakipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unaonyesha watu. Mama Pampu alikifunga. Alipitisha. Alirudia tena, akikandamiza zaidi. Kisha akakiinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku.

Kilikuwa cheupe.

Inspekta alisogea akakitazama mwenyewe. Aliona kesi yake ikimwagika sakafuni pamoja na maji. Ngozi safi maana yake jaribio lilikuwa la kweli, na kama jaribio lilikuwa la kweli, Mkemia hakuwa na sababu ya kumuua mtu. Wakili yeyote angecheka. Mtu amepigana kulinda kazi yake halali isiharibiwe na polisi, basi, kosa la kushambulia, miezi sita. Na saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika chache.

"Nionyesheni," Mkemia alisema kutoka chini. Damu ilikuwa ikimtiririka kidevuni. "Mama, nionyeshe."

Mama Pampu alimshushia kitambaa mbele ya macho.

Mkemia alikitazama ncha hadi ncha. Kisha sauti ikamtoka, si kilio, ni sauti ya mtu aliyepigwa tumboni.

"Alikuwa anaosha bure," alisema. "Haikuhitaji. Ilikuwa inafanya kazi. Alikuwa anaosha bure, na mimi nimemuua bure."

Sajini alivuta daftari mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaanza kuandika, herufi zake zikipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Nilimkuta hapo," Mkemia aliendelea, bila kuulizwa, akizungumza na kile kitambaa. "Aliniona, akatabasamu. Akasema, usiogope mjomba, kila Jumamosi ukienda nyumbani kulala nakusafishia. Hawatakukuta na doa. Miaka tisa ya utafiti, nikaona imekwisha. Nikaona sitajua kamwe kama ni mimi niliyeweza au ni yeye. Sikukumbuka kwamba la nne halifikii. Nilipolikumbuka alikuwa ameshakufa, na nikaogopa kulifungua. Usiku kucha nilikuwa hapo nje ya karakana nikiliogopa."

"Na ngozi ya pili?" Inspekta aliuliza. "Kwa nini uliitia kwenye beseni?"

"Ilikuwa imeanguka." Alimtazama kana kwamba ni swali la mtu asiye na akili. "Ilikuwa inakauka."

Inspekta alichukua simu kwa mkono mzima. Alimwambia Mkuu wa kituo achukue kipaza sauti, asimame juu ya gari, awaambie watu kwamba Ngamia hakuua, na kwamba aliyeua amekiri mbele ya mashahidi watatu. Mkuu aliuliza ni nani. Alipoambiwa alinyamaza, kisha akasema mama wa huyo Mkemia ndiye aliyeko mstari wa mbele hapo nje, na ndiye aliyeleta petroli.

"Basi mwambie yeye kwanza," Inspekta alisema. "Mpeleke ndani. Usimwambie mbele za watu."

Alikata simu. Maji yalikuwa bado yakidondoka kwenye geji iliyovunjika, tone, tone, na jua la dirishani lilikuwa limeifikia meza ya mabati. Upande mmoja wa ngozi ya bomba la nne ulikuwa umeanza kupoteza mng'ao.

"Mama," Mkemia alisema. Alikuwa ameinua kichwa kutoka sakafuni kadiri pingu zilivyomruhusu. "Mama, itie majini. Inakauka."

Mama Pampu aliitazama ngozi. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe, mikono ya miaka ishirini, ikafika nusu ya njia. Kisha akairudisha nyuma ya mgongo wake, akaishikanisha huko, akasimama.

"Mama, tafadhali. Dakika kumi tu imekufa. Itieni majini!"

Pembe ya kwanza ya ngozi ilijikunja.